Katoka Gerezani na Dawa za Siku Tano: Aanzie Wapi?

Mtu akitoka Gereza la Ruanda hapa Mbeya, ndugu hutafuta kwanza nauli ya Tukuyu au Chunya, na kuku wa kumpokelea. Dawa hukumbukwa zikishaisha. Haya ni maswali ya ndugu hao, na majibu yangu.

Kaka yangu anatibiwa TB. Dawa alizotoka nazo ni za siku tano tu.

Msingoje ziishe. Kesho mpelekeni kituo cha afya kilicho karibu na nyumbani. TB ya kawaida hutibiwa kwa miezi 6: miwili ya mwanzo dawa nne, minne inayofuata dawa mbili. Siku alizomeza gerezani zinahesabika, mradi ijulikane aliishia wapi. Akikatisha, vimelea vinaweza kuwa sugu, na hapo matibabu huwa magumu zaidi. Dawa ni bure. Kama kituo chenu hakinazo, waombeni wawaunganishe na Mratibu wa Kifua Kikuu na Ukoma wa wilaya.

Hana karatasi yoyote. Mahakama ilimwachia ghafla.

Mahabusu hupatwa sana na hili. Asubuhi karandinga limempeleka mahakamani, jioni yuko kwao, kadi imebaki zahanati ya gereza. Aende hivyo hivyo. Ataje gereza, mwezi alioanza dawa, na jina aliloandikishwa nalo (wapo walioingia kwa jina lisilo lao, kwa muuguzi alitaje tu). Kwa maelezo hayo kituo kinaweza kuulizia gerezani. Pakiti tupu ya vidonge nayo msiitupe, ina jina la dawa. Na akisema mkojo wake umekuwa wa rangi ya chungwa, mhudumu atahisi mara moja kuwa amekuwa akimeza rifampisini, mojawapo ya dawa za TB.

Je, sisi wa nyumbani tutaambukizwa?

Kwa kawaida, anayemeza dawa sawasawa huacha kuambukiza baada ya wiki mbili hivi. Fungueni madirisha, hata kwa baridi ya Juni ya Uyole. Watoto wa chini ya miaka 5 wapelekwe wakapimwe.

Anatumia ARV, lakini anaogopa kuonekana CTC (kliniki ya huduma na matibabu ya VVU) ya kijijini.

Achague CTC nyingine, anaruhusiwa. Asiache tu. Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wazima ni asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya. Kwenye foleni ile huenda akamkuta hata jirani yake.

Zamani alitumia unga (heroini). Amekaa miaka miwili bila, si amepona?

Hapa ndipo ninapoogopa zaidi. Mwili umeshasahau. Kipimo alichokizoea zamani leo kinaweza kumuua, na wiki za mwanzo uraiani ndizo za hatari kuliko zote. Mwambieni wazi, bila kumtukana. Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya ina kliniki ya methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini. Mkimkuta amelala na haamki, anapumua kwa shida, mlazeni ubavu na mkimbizeni hospitali.

Hatoki ndani. Anasema mtaa mzima unamwangalia.

Mtafuteni afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, na mhudumu wa afya ngazi ya jamii aje nyumbani kama mgeni wa kawaida. Mama asimwamshe kwa "we mfungwa", hata kwa utani. Ampe jembe, waende shambani wawili, wakirudi ndipo amuulize: "Mwanangu, usiku unalala?" Akisema halali, au anatamani kufa, siku hiyo hiyo aonwe na daktari, na asiachwe peke yake.