Mbele ya mkonga wa zamani: yanayosemwa gereji na yaliyo kweli

Kigoma gari la kazi halitupwi. Land Cruiser, ile tunayoiita mkonga, iliyozunguka kambi za wakimbizi kisha ikauzwa mnadani, leo bado inapanda Manyovu na magunia ya maharage. Mwenye nayo akiamua kuifufua huwaza injini kwanza. Mimi humwambia tulale chini, tuangalie ekseli ya mbele, springi na stelingi, kwa sababu huko ndiko watu wanakopoteza pesa nyingi kwa maneno ambayo hakuna aliyeyapima.

Neno ninalolisikia zaidi ni hili: "Ng'oa springi za bapa, weka koili, gari litalainika." Anayesema hivyo amesahau kwamba springi ya bapa ina kazi mbili. Inabeba uzito, na pia inaishika ekseli isitoke mahali pake. Koili, ile springi ya kuzunguka, inabeba tu. Ndiyo maana Toyota walipouhamishia mkonga kwenye koili za mbele, mwaka 1999, waliweka mikono miwili mirefu kutoka kwenye ekseli hadi kwenye chesisi, na fimbo moja iliyokingama ya kuizuia ekseli isiende pembeni. Kwa hiyo ukinunua ekseli ya mtumba ya gari la baada ya mwaka huo, nunua na mikono yake, fimbo yake, na upate vipimo vya kila kishikizo kinachokwenda kwenye chesisi. Kishikizo kimoja kikichomelewa kwa kukadiria kwa macho, ekseli hukaa mshazari na tairi huliwa upande.

Halafu hesabu nati. Mkonga wa zamani una nati sita kwa kila tairi, huu wa baadaye una tano. Ukichanganya, mbele tano na nyuma sita, tairi la akiba utakalobeba ni la upande gani? Nilimkuta mzee mmoja njia ya Uvinza amekaa kivulini tangu asubuhi, tairi la akiba zima kabisa liko pembeni yake, haliingii. Iliniuma sana, maana kazi ya kuchomelea ilikuwa safi. Hakuna aliyemwambia habari ya nati.

Vijana wananiuliza: "Mzee, mbona Wamarekani wanafungua bolti tu, mbele yote inatoka, wanaweka mpya?" Wanachokiona kwenye simu ni kweli, ila ni kweli kwa gari lile. Chevrolet Camaro ya 1967 hadi 1969 ina fremu ya mbele inayojitegemea, imefungwa kwa bolti kwenye bodi. Ford Mustang ya miaka hiyohiyo haina fremu ya namna hiyo. Minara ya springi ni sehemu ya bodi yenyewe, na seti nyingi za kubadilisha zinataka ikatwe, kisha seti yenyewe ichomelewe. Nyingi kati ya seti hizo zimeiga muundo wa Mustang II ya 1974 hadi 1978, gari dogo, kwa hiyo hata wao huko, mwenye injini nzito lazima aulize kama mikono na bolijointi (viungio vya mpira wa chuma) vimeongezwa nguvu au vimebaki vya kigari kile. Mkonga wetu una chesisi moja kutoka bampa hadi bampa. Hakuna cha kufungua. Ukiletewa "seti ya mbele" ujue unaletewa kazi ya kukata chesisi.

"Springi ngumu ndiyo imara." Hapana. Springi huchaguliwa kwa uzito itakaoubeba. Ikizidi ugumu, tairi linarukaruka badala ya kufuata barabara, na kipigo ambacho springi ingekimeza kinakwenda kwenye chesisi. Nyufa nyingi ninazoziona huanzia pale springi inaposhikwa.

Kuinua gari nako kuna watu wanadhani ni urefu tu. Kwenye ekseli ya koili, ukiinua sentimita tano, ekseli inazunguka kidogo kwenye mikono yake na stelingi inaacha kurudi yenyewe baada ya kona. Fimbo iliyokingama nayo inaivuta ekseli upande mmoja. Paipu za breki zinabaki fupi. Bushi za kurekebisha pembe zipo, lakini zipangie bei kabla ya kununua koili ndefu.

Na stelingi ikitetemeka kwenye mwendo, utaambiwa funga shokapu mpya ya stelingi, au upeleke alaimenti. Shokapu inaficha ugonjwa kwa muda. Alaimenti kwenye ekseli ya kipande kimoja kama hii inarekebisha tairi kuangalia ndani au nje, basi. Piga jeki, shika tairi juu na chini, tikisa. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki, utikise tena. Mchezo ukiisha, ni beringi za tairi. Ukibaki, ni beringi za kingipini, pale tairi linapogeukia, na hizo fundi yeyote makini hapa Kigoma anaweza kuzibadilisha bila kukata chuma.