Msamba Uliochanika, Haja Isiyozuilika

Mama anayetokwa na haja kubwa bila kupenda haji kliniki kwangu kusema hivyo. Anakuja kwa ajili ya fangasi, au uchafu ukeni usioisha, au hedhi iliyovurugika. Nikishamaliza kuandika dawa ndipo namuuliza mwenyewe: tangu ujifungue, upepo unaweza kuuzuia? Choo kikiwa chepesi, unawahi? Wengi huinamisha kichwa kwanza. Kisha yanatoka yote: haendi tena kanisani wala kwenye vikoba, anajifunga kanga mbili na kitambaa ndani, kwenye daladala anaomba Mungu foleni isiwe ndefu, mume amehamia chumba kingine na hawajawahi kuambiana kwa nini. Mtoto huyo pengine ameshaanza shule ya msingi. Na karibu kila mmoja aliambiwa na mtu anayemwamini, shangazi, mama mkwe, wakati mwingine muuguzi, kwamba uzazi ndivyo ulivyo, atazoea.

Mimi ni daktari wa magonjwa ya wanawake, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kurekebisha misamba iliyochanika. Dada yangu unayesoma hapa ukiwa na tatizo hilo, uzazi haupaswi kukuacha hivyo. Mara nyingi kuna msuli uliokatika siku uliyojifungua, haukuonekana, na ngozi ikashonwa vizuri juu yake.

Msamba ni ile sehemu fupi kati ya uke na njia ya haja kubwa. Kwa nje unaona ngozi tu, ya sentimita tatu nne hivi. Ndani yake misuli kadhaa inatoka pande zote za nyonga na kukutana katikati, kama kamba za kitanda zinavyokutana penye fundo. Fundo likilegea, kitanda chote kinabonyea. Nyuma ya fundo hilo kuna misuli miwili ya duara inayobana njia ya haja. Wa nje tunauamuru wenyewe, ndio tunaoubana tukiwa tunasubiri mtu atoke chooni. Wa ndani haungoji amri. Unabana usiku na mchana, hata tukiwa usingizini, na ndio unaochangia zaidi kuzuia upepo na choo laini visivuje. Ni mwembamba, milimita chache tu, umelalia utando wa njia ya haja, na katikati ya damu ya leba ni rahisi mno kuupita bila kujua kwamba umeupita.

Wanawake wengi wanaojifungua kwa njia ya kawaida mara ya kwanza huchanika kwa kiasi fulani, na hilo peke yake lisimtishe mtu. Mchaniko wa daraja la kwanza ni wa ngozi au utando wa uke, mwingine hata hauhitaji nyuzi. Wa daraja la pili umefika kwenye misuli ya msamba. Mkunga anaushona palepale leba na unapona. Daraja la tatu ndipo mambo yanapobadilika, maana umefika kwenye msuli wa kubana haja. Huo tunaugawa tena: uliokata chini ya nusu ya unene wa msuli wa nje, uliokata zaidi ya nusu, na uliokata misuli yote miwili. Daraja la nne umepasua hadi utando wa ndani, kiasi kwamba uke na njia ya haja vimekuwa uwazi mmoja. Mgawanyo huu, ambao sasa unatumika katika nchi nyingi, ulipendekezwa mwaka 1999 na Abdul Sultan, daktari wa uzazi wa Croydon, kusini mwa London.

Sultan huyohuyo, mwaka 1993, alikuwa ameshatushtua. Aliwapima wanawake kwa ultrasaundi kabla na baada ya kujifungua, akakuta asilimia 35 ya waliojifungua kwa mara ya kwanza kwa njia ya kawaida wana kasoro kwenye msuli wa kubana haja, ilhali wengi wao hawakuwa wameandikiwa jeraha lolote la msuli. Ikaaminika kwamba majeraha hayo yamejificha, jicho haliwezi kuyaona. Mwaka 2006 kundi la Croydon likachapisha matokeo mengine. Wanawake waliojifungua mara ya kwanza walikaguliwa upya kabla ya kushonwa, na mtu aliyefunzwa kazi hiyo. Waliogundulika kuwa na jeraha la msuli wakapanda kutoka asilimia 11 hadi karibu 25. Mengi kumbe yalikuwa palepale, ila hayakutafutwa ipasavyo.

Mkunga mwenzangu, kutafuta kwenyewe kuko hivi. Kabla ya kushika sindano, hakikisha ganzi imekolea, elekeza taa, futa damu kwa shashi safi. Mweleze mama unachotaka kufanya na umwombe ruhusa. Ingiza kidole cha shahada taratibu kwenye njia ya haja, kidole gumba kibaki upande wa uke, kisha viringisha ile nyama iliyo katikati ya vidole viwili. Msuli mzima unausikia: mnene, wa duara, unapita mbele bila kukatika. Ukiwa umekatika unasikia utando tu, vidole vinakaribia kugusana. Ncha za msuli zinakuwa zimejivuta kando, zimeacha vishimo viwili, kulia na kushoto. Mwambie mama abane kana kwamba anazuia upepo; kama ganzi ya mgongo haijamzuia, utaona upande wa mbele hausogei. Badilisha glovu, ndipo uanze kushona. Ni kazi ya dakika mbili, na umeme ukikatika tochi ya simu inatosha, mradi ashike mtu mwingine.

Najua leba za kwetu zilivyo. Saa tisa za usiku mkunga ni mmoja, kitanda cha pili mama anasukuma, cha tatu damu haijakoma. Ndiyo maana nauweka ukaguzi huu mbele ya mengine yote: ni wa bei rahisi, na anayeukosa analipa kwa miaka. Ngozi ya juu isikudanganye. Nimeona msamba ambao kwa nje ulikuwa na mchaniko mdogo tu, na ndani msuli wa nje umekatika wote.

Ukishapatikana, jeraha hilo lisishonwe kitandani leba kwa haraka. Mama apelekwe chumba cha upasuaji, apate ganzi ya mgongo ili misuli ilegee na ncha zake ziweze kuvutwa, msuli wa ndani ushonwe peke yake na wa nje peke yake, kwa uzi unaoyeyuka polepole. Ule uzi wa zamani unaotengenezwa kwa utumbo wa kondoo au ng'ombe haufai hapa, unaisha nguvu kabla msuli haujashikana. Mama apewe antibayotiki na dawa ya kulainisha choo. Ufundi wenyewe unajifunzwa nje ya leba: Uingereza kozi hizi hutumia msuli wa haja wa nguruwe, kwa kuwa unafanana sana na wa binadamu. Pasipo nguruwe, au pale wanaojifunza hawataki kumgusa, ulimi wa ng'ombe kutoka buchani unafaa sana kwa mazoezi. Unapasuliwa katikati, na vipande vya nyama vinawekwa pembeni kuigiza msuli wa kubana haja. Laiti kila chuo cha ukunga kingenunua ndimi za ng'ombe mara moja kwa muhula.

Wenzetu madaktari wa mifugo wanalifahamu jeraha hili vizuri. Farasi jike huzaa kwa kusukuma kwa nguvu nyingi ndani ya muda mfupi, na kwato za mtoto zikielekea juu zinatoboa dari ya uke na kupasua mpaka njia ya haja. Kinyesi kinaingia ukeni, mji wa mimba unapata maambukizi, na mnyama hashiki tena mimba. Kwa ng'ombe hutokea zaidi kwa mtamba, yaani jike anayezaa kwa mara ya kwanza, hasa aliyepandishwa akiwa bado mdogo au kwa mbegu ya dume kubwa la kigeni, kisha ndama akavutwa kwa kamba na wanaume kadhaa kabla njia haijafunguka. Mfugaji, unapoita mtaalamu wa uhimilishaji kwa ajili ya mtamba, omba mbegu ya dume anayejulikana kwa ndama wadogo.

Daktari wa mifugo hamrekebishi farasi siku hiyohiyo. Anasubiri wiki 4 hadi 6, hata zaidi, uvimbe uishe na nyama zilizokufa zidondoke. Kwa mama, tukiligundua jeraha siku ya kujifungua tunalishona ndani ya saa chache, na hiyo ndiyo nafasi bora kuliko zote. Tukilikosa, au nyuzi zikiachia kwa maambukizi, kwa kawaida nasi tunalazimika kusubiri, mara nyingi miezi mitatu hivi.

Mbwa naye nimtaje, kwa sababu ugonjwa wake unachukuliwa vibaya. Mbwa dume mzee ambaye hakuhasiwa anaweza kupata ngiri ya msamba: misuli ya sakafu ya nyonga inadhoofika, uvimbe laini unajitokeza kando ya njia ya haja, na anajikamua kwa shida kutoa choo. Mwenye mbwa anaweza kudhani ni jipu. Tafadhali usilitumbue. Ndani mnaweza kuwa na kibofu cha mkojo kilichoteleza, na mbwa wa namna hiyo akishindwa kukojoa ni dharura ya siku hiyohiyo.

Nirudi kwa mama. Si kila jeraha linazuilika: uzazi wa kwanza, mtoto wa zaidi ya kilo 4, mtoto anayetoka akitazama juu, mabega yaliyokwama, mtoto aliyevutwa kwa koleo, vyote huongeza hatari. Lakini mikono ya mkunga ina nafasi kubwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018 unashauri kuweka kitambaa cha maji ya uvuguvugu kwenye msamba mama anaposukuma, kuukanda, na kuukinga kwa mkono. Unakataa kukandamiza tumbo, jambo ambalo bado linafanyika. Unakataa pia kumwongezea njia kila mama. Wengi wetu tulikuta kwenye wodi imani kwamba mzazi wa kwanza lazima akatwe. Mkasi ukielekezwa moja kwa moja nyuma, mkato unaweza kuendelea hadi kwenye msuli wa haja. Kukiwa na sababu ya kweli, mkato uende pembeni, kwa pembe ya digrii 60 kutoka mstari wa katikati, msamba ukiwa umeshatanuka. Na kichwa kinapochomoza, zile kelele za “sukuma mama, sukuma!” zikome. Ahemee mdomoni, kichwa kitoke polepole.

Aliyekeketwa anahitaji uangalizi zaidi, kwa sababu kovu halitanuki. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa mwaka 2006, uliohusisha wanawake zaidi ya 28,000 katika nchi sita za Afrika, Kenya ikiwemo, ulionyesha kuwa waliokeketwa wana hatari kubwa zaidi ya kutokwa damu nyingi, kufanyiwa upasuaji na kuongezewa njia, na hatari inapanda kadiri ukeketaji ulivyokuwa mkubwa. Kliniki ya wajawazito ndipo pa kuuliza, kwa upole na faragha, kabla ya uchungu.

Nyumbani sasa. Kukandwa ni mapenzi, sitaki kumkataza bibi kumkanda mjukuu wake. Ila maji ya moto sana yasimwagwe wala yasikaliwe mahali penye nyuzi: ngozi hiyo imevimba, inaungua kirahisi, na jeraha lililoungua huachia. Maji safi ya uvuguvugu yanatosha, kisha pakaushwe kwa kitambaa safi kwa kugusagusa, pedi ibadilishwe mara kwa mara. Dawa kali za kusafishia sakafu au vidonda zisitiwe humo. Mtori ni mzuri, lakini nyama na ugali mtupu kwa wiki nzima vinafunga choo, na choo kigumu ndicho adui wa msuli ulioshonwa. Papai, mboga za majani, maji mengi. Harufu mbaya, usaha, homa, au choo kupitia ukeni: rudi hospitali leo hii, usingoje arobaini.

Watu wengi huita kila kuvuja “fistula”. Fistula ni tundu, mara nyingi kati ya kibofu cha mkojo na uke, na kwetu mara nyingi linatokana na uchungu uliokwama, kichwa kikibana nyama mpaka zinakufa. Mkojo unatiririka usiku na mchana. Mchaniko wa daraja la nne usiposhonwa vizuri nao unaweza kuacha tundu kati ya uke na njia ya haja. Hospitali zinazotibu fistula, kama CCBRT ya Dar es Salaam, au Panzi ya Bukavu, mashariki mwa Kongo, iliyoanzishwa na daktari Denis Mukwege mwaka 1999, ni mahali pazuri pa kuanzia hata kwa asiyejua tatizo lake linaitwaje. Msuli uliokatika miaka iliyopita unaweza kutafutwa, kuachanishwa na kovu na kushonwa upya. Sitaahidi kwamba kila mmoja anarudi alivyokuwa. Wapo wanaobaki na upepo unaowaponyoka, na mazoezi ya kubana misuli ya nyonga huwasaidia. Lakini wengi wanarudi kanisani, msikitini na sokoni.

Bado kuna mimba inayofuata. Aliyeshonwa akapona kabisa anaweza kujifungua tena kwa njia ya kawaida, mbele ya mtu mwenye uzoefu. Ambaye bado ana dalili, au alishonwa upya baadaye, azungumze na daktari mapema kuhusu upasuaji. Wote wawili waseme kwenye hudhurio la kwanza la kliniki, na anayewapokea aandike juu ya kadi, kwa herufi kubwa: alichanika daraja la tatu, au la nne, mwaka fulani. Zamu ya usiku itakayompokea haitakuwa na muda wa kumhoji, na yeye akiwa kwenye uchungu hatakumbuka kueleza.