Mzigo wa Askari wa Miguu: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana: Askari aliyefunzwa vizuri huzoea uzito wowote.

Mazoezi humwongezea mtu stamina, lakini hayamzidishii neva wala magoti. Mkanda wa shanta ukikandamiza bega kwa saa nyingi, neva zinazopita hapo huumia, mkono hufa ganzi, na bunduki inakuwa ngumu kushika. Mwaka 2003 askari wa Marekani walipopimwa mizigo yao nchini Afghanistan, wastani ulikuwa kilo 29 kwa mapigano na kilo 46 kwa safari ya kuyaendea mapigano, ilhali mwongozo wa jeshi lao wenyewe ulishauri takriban 22 na 33.

Dhana: Vifaa vikiwa vyepesi, mzigo utapungua wenyewe.

Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote, kwa maoni yangu. Nafasi inayopatikana kwa kupunguza uzito wa redio hujazwa upesi na betri za akiba, risasi na maji, kwa kuwa kamanda anayehofia kupungukiwa huamuru kila kitu kibebwe. Bila yeye kuthubutu kusema kipi kibaki kambini, wepesi wa kifaa hauufikii mgongo wa askari. Buti nyepesi, hata hivyo, zina faida ya hakika, maana kilo moja mguuni huchosha kama kilo nne au zaidi mgongoni.

Dhana: Roboti zitabeba.

Roboti ya miguu minne ya LS3, iliyokusudiwa kubeba kilo 180, iliwekwa kando na kikosi cha Marine cha Marekani mwaka 2015 kwa sababu kelele zake zingewafichua askari.

Dhana: Mzigo ni jambo la askari na shanta yake.

Ni jambo la usafiri pia. Tarehe 25 Mei 1982, katika vita vya visiwa vya Falkland, meli ya Atlantic Conveyor ilipigwa kombora ikiwa na helikopta za Uingereza, na kwa kuzikosa askari wakatembea kiasi cha kilomita 90 kwenye ardhi ya majimaji, kila mmoja na kilo 36 hivi. Kwetu, katika Vita Kuu ya Kwanza, mzigo wa majeshi ulihamishiwa vichwani mwa wapagazi wa Carrier Corps, ambao jina lao limebaki Kariakoo. Makumi ya maelfu kati yao walikufa, wengi kwa maradhi na njaa.