Notisi ya Kupandisha Kodi ya Duka: Usinyamaze, Wala Usiache Kulipa

Mwaka mpya ukianza, malalamiko ya kodi za maduka huja kwa mkururo. Mengi yanafanana: wakala ametuma ujumbe kwenye gurupu la WhatsApp la wapangaji, au msimamizi wa ploti amebandika karatasi mlangoni, kwamba kuanzia mwezi ujao kodi ni shilingi 25,000 badala ya 18,000, na asiyeweza ahame. Mpangaji anapofika masjala ya Jopo la Kodi za Majengo ya Biashara, chombo kinachoamua migogoro ya kodi za maduka, mara nyingi ameshafanya moja kati ya mambo mawili. Ama amelipa kodi mpya kwa miezi kadhaa huku akinung'unika, ama ameacha kulipa kabisa. La kwanza linampa mwenye jengo nafasi ya kusema mlikubaliana. La pili linamwita dalali wa mnada aje kukamata bidhaa.

Sheria inayohusika ni Sura ya 301 ya Sheria za Kenya, ya mwaka 1965, inayosimamia upangaji wa maduka, hoteli na mikahawa. "Duka" humo lina maana pana: ni jengo linalotumika kabisa au zaidi kwa biashara ya rejareja au jumla, au kwa kutoa huduma kwa malipo. Kinyozi, fundi cherehani na muuza vipuri wote wamo. Upangaji unalindwa iwapo hauna mkataba wa maandishi, au mkataba upo lakini ni wa muda usiozidi miaka 5, au una kipengele kinachoruhusu kuuvunja ndani ya miaka hiyo 5 kwa sababu isiyokuwa uvunjaji wa masharti.

Soma tena hapo penye "hauna mkataba wa maandishi". Tunasikia kila wiki, "Mimi sina mkataba, sina haki." Si kweli, na haijawahi kuwa kweli tangu sheria hii itungwe. Aliyepanga kwa mdomo na kulipa kwa M-Pesa analindwa. Anayepaswa kuwa na wasiwasi ni yule aliyetia sahihi mkataba wa miaka 5 na miezi 3. Miezi hiyo mitatu haikuongezwa kwa bahati mbaya. Imewekwa ili upangaji utoke nje ya Sura ya 301, na kama hakuna kipengele cha kuuvunja mapema, masharti ya mkataba wenyewe ndiyo yatakayotawala, pamoja na ongezeko la kila mwaka ulilolikubali. Vibanda vya soko vinavyomilikiwa na serikali ya kaunti navyo havimo, kwa sababu upangaji ambao serikali ni mhusika hauingii katika ulinzi huu.

Sasa notisi. Kifungu cha 4 hakimruhusu mwenye jengo kubadilisha sharti lolote kwa hasara ya mpangaji, kodi ikiwa mojawapo, isipokuwa kwa notisi iliyoandikwa katika fomu rasmi, yaani Fomu A. Notisi hiyo lazima itaje sababu za ongezeko. Lazima imtake mpangaji ajibu kwa maandishi, ndani ya mwezi mmoja tangu aipokee, kama anakubali au la. Na tarehe ya kuanza kutumika isipungue miezi miwili tangu siku ya kupokelewa. Kama mkataba wenu unataja muda mrefu zaidi, huo mrefu ndio unaofuatwa. Pande mbili zinaweza kukubaliana kwa maandishi kufupisha muda huo, kwa hiyo karatasi ya "kukubali masharti mapya" inayopitishwa na wakala dukani haistahili sahihi yako kabla hujaisoma hadi mwisho.

Kupokea nako kuna utaratibu wake. Notisi hukabidhiwa mpangaji mwenyewe, mtu mzima wa familia yake, au mfanyakazi aliyeajiriwa katika jengo hilo, au hutumwa kwa posta ya rejista hadi anwani yake ya mwisho inayojulikana. Angalia kwamba msichana unayemwachia duka yumo kwenye orodha hiyo. Akiipokea Jumanne na kuitia kwenye droo ya kaunta, siku zimeanza kuhesabiwa Jumanne, hata kama wewe uliiona Ijumaa ya wiki iliyofuata. Mwagize kila karatasi anayoletewa aiandike tarehe mgongoni na akupigie simu.

Tuhesabu mfano mmoja. Notisi imepokelewa tarehe 10 Machi na inasema kodi mpya itaanza 1 Mei. Miezi miwili haijatimia. Notisi hiyo ina kasoro. Ingesema 1 Juni, muda ungetosha, na mpangaji angetakiwa kujibu ifikapo 10 Aprili, kisha kufungua shauri kwa Jopo kabla ya 1 Juni. Hizi ni hatua mbili tofauti. Barua ya kumjibu mwenye jengo haifungui shauri, na barua ya wakili kwa wakala haifungui shauri vilevile. Shauri likishafunguliwa kwa wakati, kifungu cha 6 kinaisimamisha notisi hadi Jopo liamue. Usipojibu na usipofungua shauri, kifungu cha 10 kinasema notisi itaanza kufanya kazi tarehe iliyotajwa, na hapo kodi ya 25,000 inakuwa deni halali.

Ndiyo maana hatumshauri mtu aliyegundua kasoro kwenye notisi akae kitako akiamini kwamba imejifuta. Pengine ni batili kweli. Lakini atakayetamka hivyo ni Jopo, si jirani yako wa duka la pili, na si chifu. Chifu anaweza kuwapatanisha. Hana mamlaka ya kupanga kodi ya duka, wala kituo cha polisi hakina. Ikiwa ulichopata ni ujumbe wa simu tu, bila Fomu A yoyote, kifungu cha 12(4) kinalipa Jopo uwezo wa kuchunguza lalamiko la mpangaji, na hiyo ndiyo njia ya kutumia.

Wakati huo wote, lipa kodi ya zamani, kamili, tarehe ile ile, kwa njia inayoacha alama. Mwenye jengo akirudisha pesa au akifunga nambari ya malipo, hifadhi ujumbe wa kurudishwa, mwandikie kwamba kodi ipo tayari, na uliombe Jopo litoe maelekezo ya malipo. Malimbikizo hata ya kodi isiyo na ubishi yanaweza kumpa mwenye jengo ruhusa ya kukamata bidhaa zako, na tukifika hapo hoja ya notisi mbovu haisaidii sana. Duka likifungwa kwa kufuli la mwenye jengo au umeme ukikatwa ili kukulazimisha kukubali, peleka kwa Jopo ombi chini ya hati ya dharura, yaani la kusikilizwa haraka, siku hiyo hiyo, pamoja na picha za mlango.

Njoo masjala na mkataba kama upo, notisi yenyewe (na bahasha yake ikiwa ilipitia posta), nakala ya jibu lako, na taarifa ya M-Pesa au ya benki inayoonyesha kodi ya angalau mwaka mmoja. Ikiwa ubishi ni juu ya kiasi, Jopo huangalia hali zote za jengo, na hapa ndipo wapangaji wengi hujiangusha. Kusema "biashara ni mbaya" hakuna uzito. Ripoti ya mthamini aliyesajiliwa ina uzito: inalinganisha kodi kwa futi mraba na maduka ya mtaa huo huo, ghorofa hiyo hiyo. Duka la chini linalotazama barabara halilinganishwi na chumba cha ghorofa ya tatu nyuma ya ngazi. Risiti za matengenezo uliyoyafanya kwa pesa zako zilete pia.

Nyumba za kuishi zina sheria yake, Sura ya 296, na inalinda zile tu ambazo kodi yake ya msingi haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Wa bedsita ya 9,000 wasije kwetu. Mkataba wao na mahakama za kawaida ndizo njia yao.

Jopo likishapanga kodi, notisi nyingine ya kodi kwa jengo hilo haitolewi hadi miaka 2 ipite, isipokuwa Jopo liwe limeagiza muda mfupi zaidi. Asiyeridhika ana siku 30 kukata rufaa katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Na mwenye jengo akikaidi agizo, chukua nakala iliyothibitishwa kutoka masjala uisajili katika mahakama ya hakimu, itekelezwe kama hukumu ya mahakama hiyo. Picha ya agizo kwenye simu haisajiliwi.