Povu la kifafa haliambukizi

Mtu akianguka kifafa kwenye stendi ya teksi Kampala, wengi hurudi nyuma: eti ukiguswa na povu lake, nawe utaanguka. Si kweli. Povu lile ni mate tu, ambayo hayakumezwa. Kinachotokea ni seli nyingi za ubongo kutoa umeme kwa pamoja kupita kiasi. Umeme wa ubongo hupimika, na Hans Berger, daktari Mjerumani, aliurekodi kwa binadamu mwaka 1924. Biosaikolojia, elimu ya uhusiano wa mwili na tabia, huanzia hapo: tabia ina mizizi mwilini. Chanzo cha kifafa chaweza kuwa malaria ya ubongo, ajali, uzazi mgumu au mayai ya tegu wa nguruwe (huyo ndiye wa kuogopwa!). Basi mlaze mgonjwa ubavu, na kijiko usimtie mdomoni.