Siafu wa Kandoro hawakufichwa

Nimemaliza kusahihisha mitihani ya moko hapa Tukuyu, na sentensi ile ile imerudi tena, karatasi baada ya karatasi: "Mshairi alitumia mafumbo ili mkoloni asielewe." Hapana, wanangu. Hapana.

Saadani Kandoro, mzaliwa wa Ujiji, alikuwa mmoja wa watu 17 walioasisi TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, tarehe 7 Julai 1954. Vina na mizani mnavijua, sivirudii. Shairi lake la siafu wanaomzingira nyoka, siafu wakiwa wananchi na nyoka mkoloni, mnalijua pia. Sasa niambieni: mabwana shauri, yaani watawala Waingereza wa wilayani, walitahiniwa Kiswahili. Serikali yenyewe ilikuwa ikitoa gazeti la Mambo Leo tangu 1923, na mashairi yamejaa humo. Mtu wa namna hiyo asome habari za nyoka aliyezingirwa na siafu, kisha ajiulize nyoka ni nani?

Alimjua vizuri sana. Kazi ilikuwa kuthibitisha. Mwaka 1958 Nyerere aliwashutumu mabwana shauri wawili katika Sauti ya TANU, jarida la chama, kwa nathari, waziwazi. Alishtakiwa, akatiwa hatiani, akatozwa faini ya shilingi 3,000. Lakini aliyemtukana nyoka utamshtaki kwa lipi? Wakili wa Serikali asimame mbele ya hakimu aseme, "Nyoka huyo ni sisi"? Anayelielewa fumbo ndiye linayemziba mdomo, maana akikasirika tu, amekiri.

Na wananchi je? Huku Rungwe, nani wa kufafanuliwa siafu? Msimu wa mvua wanaingia bandani usiku, asubuhi kuku wamekwisha. Mmoja unamsaga kwa kidole. Wakija msafara, unahamisha watoto. Bibi asiyejua herufi hata moja anaipata maana hapo hapo, na kibwagizo kikirudi kila ubeti, anaondoka nacho kichwani hadi shambani.

Kuna jambo linalonisumbua, na vitabu vya kiada hulipita kimya. Siafu wote ni sawa, wote njia moja. Kumtoa mkoloni, picha hiyo inatosha. Baada ya 1961, je? Siafu anayetaka kwenda njia nyingine anakaa wapi katika shairi hili? Miaka yote nimelifundisha nikiruka swali hilo. Jumatatu nitaliandika ubaoni, niwasikilize.