Komoro si Zanzibar yenye milima

Kutoka Dar es Salaam hadi Moroni, mji mkuu wa Komoro, ndege huchukua saa moja na ushee. Unashuka, unaona kofia, unaona liwa usoni mwa kina mama, unasikia adhana na maneno unayoyajua. Hapo ndipo kosa linapoanzia. Mswahili hapotei Komoro kwa ugeni wa mahali, hupotezwa na undugu. Huingia vijijini na majibu aliyoyabeba kutoka Unguja au Lamu, na mengi si ya huko. Haya hapa baadhi yake.

“Kiswahili kitanivusha”

Kitakuvusha nusu ya njia. Shikomori na Kiswahili ni ndugu wa ukoo mmoja, ila kila kisiwa kina usemi wake: shingazija cha Ngazija, kisiwa kikubwa chenye Moroni, shinzwani cha Nzwani, shimwali cha Mwali. Maji utayapata kwa jina lake. Balaa huja kwenye maneno yanayofanana na ya kwetu. Salamu ya heshima kwa mtu mzima ni “kwezi”, naye hujibu “mbona”. Hakuulizi sababu ya chochote, ameitikia tu. Na “marahaba” kule ni asante. Mtoto uliyemgawia embe akikuambia marahaba hajajipandisha cheo, anakushukuru. Mimi ningejifunza maneno haya matatu kabla ya kununua tiketi. Anayejua Kifaransa au Kiarabu ana akiba ya ziada, maana ndizo lugha rasmi pamoja na Shikomori.

“Kisiwa cha mvua hakikosi maji”

Hili ndilo linalowashangaza wengi, na ndilo la kulielewa kabla ya kulala hata usiku mmoja kwenye kijiji cha Ngazija. Miteremko ya magharibi ya mlima Karthala hupata mvua kubwa sana, msitu ni mzito, ukungu unashuka hadi kwenye migomba. Lakini zunguka kisiwa kizima hutavuka mto hata mmoja unaotiririka mwaka mzima. Ngazija ni changa kwa umri wa visiwa na mwamba wake wa volkano umejaa matundu na nyufa. Mvua ikinyesha inazama moja kwa moja, na sehemu yake hutokeza tena pwani, imeshachanganyika na chumvi.

Kwa hiyo vijiji vingi vya juu huishi kwa maji ya paa. Tazama nyumba: bati, gata, bomba, halafu birika la saruji ubavuni lenye kifuniko na ndoo yenye kamba. Maji yaliyomo ndiyo ya kupikia, kutawadha, kuoga na kufua mpaka mvua nyingine. Ukipelekwa kuoga ukakuta ndoo moja na kopo, hiyo ndoo si ishara ya umaskini wa mwenyeji wako. Ni sehemu ya akiba yake. Mgeni anayeomba ya pili bila kufikiri hukumbukwa, wala si kwa wema.

Nzwani ni hadithi nyingine. Ni kisiwa cha zamani kuliko Ngazija, kina mabonde yenye kina na mito ya kweli. Hata hivyo mito mingi iliyokuwa haikauki sasa hukauka kiangazi, na ukataji wa misitu umechangia. Kuna jambo hapa ambalo brosha za watalii hazilitaji: kuni za langilangi. Maua ya langilangi huchumwa alfajiri, hukenekwa kwenye mitungi ya shaba, na mafuta huuzwa kwa watengeneza manukato wa ng’ambo. Kukeneka kunataka moto wa saa nyingi, na moto unataka kuni. Harufu inayokupokea barabarani ina bei yake huko juu mlimani.

“Karthala ni mlima wa kupanda asubuhi na kurudi jioni”

Una mita 2,361 na watu huanzia chini, vijijini. Wengi huchukua siku mbili na kulala juu, ambako usiku ni baridi hasa. Mwongoza njia wa kijijini ni lazima kwa maoni yangu, kwa sababu ya ukungu, na maji unabeba mwenyewe kwa sababu nilizokwisha kueleza.

Wengine hudhani volkano hiyo imelala. Mwaka 2005 ililipuka mara mbili, majivu yakaingia kwenye mabirika ya maji vijijini, na ikarudia 2006 na 2007. Wapo pia wanaodhani hatari iko kileleni tu. Mwaka 1977 ardhi ilipasuka ubavuni mwa mlima, chini kabisa, na lava ikateremka ikaifunika sehemu kubwa ya kijiji cha Singani. Watu walikuwa wameshahama. Ukipita barabara ya kusini magharibi utaona mwamba mweusi ulipokatiza.

“Nyumba ni ya baba, na kijiji cha mbali ni cha kimya”

Ngazija nyumba hufuata upande wa mama. Binti hujengewa, na mume ndiye anayehamia. Basi ukialikwa chakula, shukrani ziende kwanza kwa mwenye nyumba, naye ni mama. Wanaume wana mahali pao, bangwe, uwanja wa mawe katikati ya kijiji, na viti vyake havikaliwi ovyo: aliyekwisha kufanya anda, ile ndoa kubwa ya kimila, ana daraja ambalo kijana mwenye gari hana. Mgeni asimame kando, asalimie, asubiri kuonyeshwa pa kukaa.

Kuhusu kimya, inategemea mwezi. Mwezi wa saba na wa nane Wakomoro wanaoishi Ufaransa hurudi kuoana. Kijiji ulichoambiwa kimesahauliwa hugeuka ngoma, magari na dhahabu, na nauli za ndege hupaa. Zile nyumba za ghorofa zilizosimama nusu, nondo zikichungulia juu ya paa, ni pesa zao.

“Nitalipa kwa kadi”

Beba franki za Komoro taslimu. Thamani yake imefungwa kwa yuro, takriban franki 492 kwa yuro moja. Nje ya miji mikubwa usitegemee mashine.

“Mwali ni pale tu, unapanda boti unapotaka”

Kwenye ramani, ndiyo, kisiwa cha Mwali kiko karibu. Boti huondoka Chindini, ncha ya kusini ya Ngazija, na anayeamua safari ni bahari. Upepo wa kusi ukivuma, nahodha mwenye akili husubiri, na kumharakisha kwa sababu ya ratiba yako ni ujinga. Acha siku mbili wazi.

Ukifika Itsamia, mashariki mwa Mwali, kasa hupanda ufukweni usiku kutaga. Wengi huja na tochi na simu wakidhani kasa hajali. Anajali: mwanga ukimpiga akiwa bado anapanda, hugeuka na kurudi majini bila kutaga. Msindikizaji wa kijiji atakuketisha mchangani gizani, pengine saa nzima, mpaka usikie mchanga ukirushwa nyuma kwa mapigo mazito. Maana yake ameanza kuchimba. Utasubiri tena mpaka aanze kutaga, na hapo ndipo utaruhusiwa kusogea, kwa upande wa mkia.